Picha ya ua: Ni nani atakayekuambia ukweli?

Je, umewahi kupiga picha ya ua kwa karibu sana, kisha ukawaonyesha watu wa nyumbani? Bila shaka walisema ni nzuri. Mama alisema ni nzuri, shangazi akaongeza kwamba ni nzuri sana, na ndugu yako mdogo akaitupia jicho kidogo tu kabla ya kukurudishia simu na kuendelea na mambo yake.

Hilo ni jibu la upendo na si vibaya kulipokea. Hata hivyo, halikusaidii hata chembe. Kesho utarudi kwenye ile hibiski iliyo kando ya ukuta wa ploti, upige picha ile ile yenye dosari zile zile, na mwakani utakuwa papo hapo ulipo leo.

Kuna vijana wanaopiga picha za maua kwa kujifurahisha tu, lakini wapo pia wanaotumaini kujipatia riziki kwa kuwapigia picha wauza miche, wenye hoteli na wakulima wa waridi. Kwa kijana wa aina hiyo, kukosa mtu wa kumweleza ukweli si jambo dogo. Mteja asiyeridhika aghalabu hatoi sababu. Huenda kwa mpiga picha mwingine, na kijana hubaki akijiuliza alikosea wapi.

Picha ya ua la karibu ni ngumu kuliko inavyodhaniwa. Unapolisogelea ua hadi taswira yake ndani ya kamera ilingane na ukubwa wake halisi, sehemu inayoonekana waziwazi huwa nyembamba ajabu. Kwa kamera ya milimita 35, ukiweka tundu la lenzi kwenye namba 8, sehemu hiyo ni kama milimita 1 hivi kutoka mbele hadi nyuma. Kila kilicho mbele au nyuma yake huanza kuingia ukungu. Ukilifinya tundu hadi namba 16 utapata kama milimita 2, lakini mwanga unaoingia utabaki robo tu ya ule wa awali. Kamera itahitaji muda mrefu zaidi, na upepo mdogo utaliyumbisha ua kabla hujamaliza kazi.

Kwa hivyo huwezi kuonyesha kila kitu. Sharti uchague: ni ukingo wa petali, ni chavua, ni tone la umande, au ni yule mdudu aliyejificha ndani?

Hapo ndipo unapohitaji macho ya mtu mwingine. Wewe ulikuwepo. Unakumbuka harufu, unakumbuka nyuki aliyekusumbua, na akili yako inajaza mambo ambayo picha yenyewe haina. Mwenzako hana kumbukumbu hizo. Yeye anaona karatasi tu.

Naam, karatasi! Ukiweza, chapisha picha yako, hata ile ndogo ya inchi 4 kwa 6. Kioo cha simu kina mwanga wake ambao hupamba kila kitu, na tena ni kidogo mno kufichua ukungu. Picha iliyochapishwa huweza kubandikwa ukutani karibu na meza ya chakula kwa juma zima, na watu wakaizoea hata wakaacha kuisifu kwa adabu.

Sasa, unaulizaje? Usiulize, "Ni nzuri?" Swali hilo tayari lina jibu lake. Mpe mtu picha mkononi, nyamaza, kisha muulize, "Jicho lako limetua wapi kwanza?" Halafu, "Limeenda wapi baadaye?" Mwishowe, "Kuna kitu kinachokusumbua?"

Maswali hayo hata mtoto wa miaka 8 anaweza kuyajibu, na pengine atayajibu vizuri kuliko mtu mzima kwa sababu hajajifunza kubembeleza. Akikuambia kwamba ameona kwanza "hiki kitu cheupe huku nyuma", usimkaripie. Hicho kitu cheupe ni mfereji wa maji ambao hukuuona ulipokuwa umeinama, na sasa umeishinda hibiski yako katika picha yako mwenyewe.

Jambo gumu zaidi ni kule kunyamaza. Wengi wetu huanza kujitetea kabla mwenzetu hajamaliza sentensi: upepo ulikuwa mkali, jua lilikuwa linazama, kamera ni ya kuazima. Yote hayo huenda ni kweli, lakini picha itakapokwenda kwa mteja au mwalimu, hutakuwepo pembeni kuieleza.

Ukishawasikia wa nyumbani, tafuta mtu anayeyajua maua yenyewe. Chukua mfano wa bogenvilia, ambayo imetambaa kwenye nyua nyingi za Nairobi na Mombasa. Zile sehemu za zambarau, nyekundu au rangi ya chungwa ambazo sote tunaziita maua ni majani yaliyogeuka rangi. Ua lenyewe ni kile kijimrija chembamba chenye kinywa cheupe katikati, na kwa kawaida viko vitatu pamoja. Unaweza kupiga picha ambayo kila mtu mtaani ataistaajabia, kumbe umeonyesha waziwazi mshipa wa jani na kuliacha ua gizani. Mwalimu wa biolojia ataliona hilo mara moja. Huenda hata mtunza bustani wa shule yako akaliona.

Kwa maoni yangu, wahakiki wanaosahauliwa zaidi ni wauza maua. Nenda kwa wale wa City Market, katika barabara ya Muindi Mbingu jijini Nairobi, au kwa wauza miche walio kando ya barabara mtaani kwenu. Mtu anayeshika waridi kila siku huiona petali iliyochubuka ukingoni na hulijua ua lililoanza kuchoka. Kamera ikikaribia, michubuko hiyo huwa mikubwa kama makovu. Huenda akakuambia kwamba tatizo si mkono wako wala lenzi, ni kwamba ulichagua ua baya. Nenda wakati hana wateja, umnunulie kitu, na umwamkue vyema kabla ya kumtolea picha zako. Na tafadhali, usiende Februari 14.

Ukimpata mpiga picha mzoefu, yeye atazungumzia mwanga. Atakuambia kwamba jua letu la saa sita, ambalo hutuchoma utosini, hutia vivuli vikali ndani ya ua, na kwamba ni heri wingu, au shuka nyeupe iliyoshikiliwa na ndugu yako baina ya jua na ua. Atakuonya pia kuhusu maua mekundu. Waridi na hibiski nyekundu huidanganya kamera. Wekundu hujaa kupita kiasi, mishipa ya petali hupotea, na ua likawa kama bonge la rangi. Dawa ni kupunguza mwangaza kidogo kabla ya kubofya.

Wapo waliofaidika na jicho la namna hii. Joy Adamson anajulikana kwa kitabu cha simba Elsa kilichotoka mwaka wa 1960, lakini kabla ya simba alikuwa na maua. Mume wake wa pili, Peter Bally, alikuwa mtaalamu wa mimea katika makumbusho ya Nairobi, na ndiye aliyemtia moyo kuchora mimea ya nchi hii. Mchoro wa aina hiyo hausifiwi kwa kupendeza peke yake. Mtaalamu hutaka kuutambua mmea kwa kuutazama tu. Mwaka wa 1947, chama cha Uingereza cha kilimo cha bustani, Royal Horticultural Society, kilimtunukia nishani ya dhahabu ya Grenfell kwa michoro yake.

Huko Ujerumani, Karl Blossfeldt alifundisha wanafunzi wa sanaa mjini Berlin kwa miaka ipatayo 30. Aliwapigia picha za vichipukizi, mbegu na maua, nyingine zikikuzwa hata mara 30, ili waige maumbo yake katika kazi zao. Kitabu chake cha kwanza cha picha hizo kilitoka mwaka wa 1928, akiwa tayari na umri wa miaka 60 na zaidi. Fikiria picha yako ikiwa mbele ya darasa zima linalotakiwa kuichora. Ukungu wako ungejificha wapi?

Hata hivyo, usimeze kila unaloambiwa. Kuna anayesema, "Sioni chavua," na kuna anayesema, "Mimi ningepiga kutoka juu." Wa kwanza anakueleza kilichomo katika picha yako, wa pili anakueleza picha yake mwenyewe ambayo hajaipiga. Watu watatu ambao hawakushauriana wakilalamikia jambo moja, lirekebishe. Likisemwa na mmoja tu, liweke akilini.

Nanyi wazazi, neno kidogo. Mtoto akija na picha ya ua, msikimbilie kumwambia anapoteza wakati na majani badala ya kusoma. Wala msimmiminie sifa hadi mumlevye. Mwambieni jambo moja mliloliona, kwa mfano: "Umande huu nauona vizuri, ila jicho langu linavutwa na kamba ya kuanikia nguo." Sentensi kama hiyo inamwonyesha kwamba mzazi ametazama, jambo ambalo watoto wengi hulitamani kuliko sifa.

Wewe nawe, ukishapata maoni yako, rudi upesi. Ua moja la hibiski kwa kawaida hudumu siku 1 tu, kwa hivyo itabidi utafute jingine kwenye kichaka kile kile. Nenda asubuhi kabla upepo haujaanza, na ubadilishe jambo moja tu kati ya yale uliyoambiwa, ama sivyo hutajua ni lipi lililosaidia. Chapisha picha hiyo, uiweke mezani kando ya ile ya kwanza bila kusema ipi ni mpya, kisha umwite yule yule aliyeuona mfereji.