Chura wa Kihansi: Kutoka Maporomoko ya Morogoro hadi Bustani za Wanyama Marekani, na Safari ya Kurudi Nyumbani

Na Mwandishi Wetu, Morogoro

Katika nchi nyingi duniani wapo watu ambao mapumziko yao ni kutembelea bustani za wanyama na akwariamu, yaani majengo yenye matangi ya vioo yanayohifadhi samaki na viumbe wengine wa majini. Watu hao huweka kumbukumbu za kila bustani waliyoifikia na orodha ya kila mnyama waliyemwona. Simba na tembo huwa hawawasumbui sana, kwa kuwa wamekwisha kuwaona mara nyingi. Wanachokitafuta ni kiumbe adimu anayepatikana katika bustani moja au mbili tu duniani, na kwa ajili yake wako tayari kusafiri umbali mrefu.

Miongoni mwa viumbe wa aina hiyo yumo Mtanzania mmoja mdogo kuliko kidole gumba: chura wa Kihansi. Kwa miaka kadhaa mahali pekee ambapo mtu aliweza kuwa na uhakika wa kumpata chura huyo akiwa hai palikuwa bustani za wanyama za Bronx, jijini New York, na Toledo, katika jimbo la Ohio. Nyumbani kwake, katika korongo la Mto Kihansi, alikuwa ametoweka.

Makala haya yanaeleza namna chura huyo alivyofika huko, namna alivyorejeshwa nchini, na kwa nini historia yake inawahusu wananchi wanaoishi chini ya Milima ya Uluguru na wote wanaotegemea misitu na mito ya Mkoa wa Morogoro.

Kiumbe wa eneo moja tu

Mto Kihansi unashuka kutoka nyanda za juu za Milima ya Udzungwa, katika eneo la mpaka wa mikoa ya Morogoro na Iringa, kuelekea Bonde la Kilombero. Katika korongo lake maji huanguka kwa nguvu juu ya miamba na kutoa manyunyu yanayolowesha majani na mawe mchana na usiku. Eneo lililokuwa likipata manyunyu hayo lilikuwa dogo mno, takribani hekta mbili, sawa na viwanja vichache vya mpira wa miguu.

Mwaka 1996, wakati ujenzi wa mradi wa umeme wa Kihansi ukiendelea, watafiti waliokuwa wakichunguza mazingira ya korongo hilo walimwona chura ambaye hakuwa amewahi kuandikwa na sayansi. Baadaye alipewa jina la kitaalamu la Nectophrynoides asperginis. Rangi yake ni ya dhahabu, na jike aliyekomaa hafikii sentimita tatu kwa urefu.

Jambo la kipekee zaidi ni uzazi wake. Vyura wengi hutaga mayai majini, mayai hayo hutoa viluwiluwi, na viluwiluwi hukua kuwa vyura. Chura wa Kihansi hapitii hatua ya viluwiluwi wa majini. Mayai hukulia ndani ya tumbo la mama, naye huzaa vyura wadogo waliokamilika, kila mmoja akiwa na urefu wa takribani milimita tano. Maumbile hayo yanamwezesha kuishi juu ya mawe na majani yaliyolowa, mahali ambapo viluwiluwi wangesombwa na maji.

Umeme, maji na manyunyu

Mradi wa Kihansi una uwezo wa kuzalisha megawati 180. Maji ya mto huzuiwa kwa bwawa juu ya maporomoko, hupitishwa katika handaki ndani ya mwamba na kushuka takribani mita 850 hadi kwenye mitambo iliyojengwa chini ya ardhi. Ukubwa wa mteremko huo ndio unaowezesha mto usio mkubwa sana kutoa umeme mwingi.

Hata hivyo, maji yanayopita katika handaki hayapiti tena kwenye maporomoko. Mitambo ilipoanza kufanya kazi, sehemu kubwa ya maji ya korongo ilihamishwa na manyunyu yakapungua ghafla. Mimea iliyozoea unyevu wa kudumu ilianza kukauka na vyura wakapungua.

Hatua tatu zilichukuliwa. Kwanza, kiasi maalumu cha maji kiliachwa kiendelee kupita katika maporomoko. Pili, mabomba yenye matundu madogo yalitandazwa ndani ya korongo ili kutengeneza manyunyu ya bandia. Tatu, mwishoni mwa mwaka 2000, Serikali iliruhusu vyura 499 wapelekwe Marekani, katika bustani ya Bronx, kama akiba iwapo hatua mbili za kwanza zingeshindwa.

Kwa muda manyunyu ya bandia yalisaidia na idadi ya vyura ikapanda tena hadi kufikia maelfu. Kisha, katika mwaka 2003, vyura hao walikufa kwa kasi. Uchunguzi ulibaini ugonjwa wa ngozi unaosababishwa na kuvu aina ya kitridi, ambaye ameangamiza vyura katika mabara mbalimbali. Mabadiliko ya mtiririko wa maji na mabaki ya dawa za kilimo kutoka juu ya mto navyo vilitajwa miongoni mwa mambo yaliyochunguzwa. Mwanzoni mwa mwaka 2004 walionekana wachache mno. Mwaka 2009, Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Mazingira (IUCN) lilitangaza kuwa chura wa Kihansi ametoweka porini.

Akiba iliyokaribia kuisha

Ingekuwa kosa kudhani kwamba vyura waliopelekwa ng'ambo walipata raha mara moja. Hakuna aliyekuwa amewahi kumfuga chura huyo, hivyo kila kitu kilipaswa kujifunzwa upya: kiasi cha unyevu, ukali wa mwanga, aina ya wadudu wa kumlisha na namna ya kumkinga na maradhi. Vyura waligawanywa katika bustani kadhaa ili ajali katika bustani moja isiwamalize wote, lakini wengi walikufa. Mwishowe ni bustani mbili tu, Bronx na Toledo, zilizofanikiwa kuwatunza hadi wakaanza kuongezeka.

Kazi hiyo ilifanyika kwa miaka mingi katika vyumba vya nyuma ambavyo wageni hawaingii. Vyura walipoongezeka vya kutosha, baadhi yao waliwekwa mahali pa kuonwa na wananchi. Hapo ndipo wale wanaokusanya kumbukumbu za wanyama adimu walipopata nafasi ya kusimama mbele ya kioo na kutafuta, kati ya majani yaliyolowa, kiumbe mwenye ukubwa wa kucha aliyetoka Tanzania. Kiingilio cha wageni wa aina hiyo ni sehemu ya mapato yanayowezesha bustani kugharimia kazi za uhifadhi.

Mfano huo unaonesha tofauti kati ya bustani ya wanyama ya zamani na ya sasa. Bustani ya Bronx ilifunguliwa mwaka 1899, na ile ya Toledo mwaka 1900, wakati ambapo wageni walikwenda kushangaa wanyama wa mbali. Leo bustani zinazoheshimika hupimwa pia kwa viumbe zilizowaokoa na kuwarudisha makwao. Utaratibu kama huo umetumika kwa samaki: baadhi ya aina za furu wa Ziwa Victoria, waliopungua sana baada ya kupandikizwa kwa sangara, wametunzwa kwa miaka mingi katika akwariamu za nje.

Kurudi nyumbani

Mwezi Agosti 2010, vyura 100 kutoka Bronx na Toledo walisafirishwa kwa ndege hadi Dar es Salaam na kupokelewa katika kituo maalumu cha kuzalishia kilichojengwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wataalamu wa Kitanzania walikuwa wameandaliwa kwa kazi hiyo. Kituo kingine kiliwekwa Kihansi, karibu na korongo lenyewe, ili vyura wazoee hali ya nyumbani kabla ya kuachiwa.

Mwishoni mwa mwaka 2012, vyura walianza kurejeshwa katika korongo. Lilikuwa tukio la kwanza la aina yake duniani: kundi la vyura lililotangazwa kutoweka porini kurudishwa katika makazi yake ya asili. Urejeshaji umeendelea kwa awamu, na vyura wengine wamebaki katika vituo kama akiba. Kuvu aliyewaua hajaondoka katika mazingira, na manyunyu ya bandia yanahitaji matengenezo ya mara kwa mara. Kwa hiyo, kazi haiwezi kuhesabiwa kuwa imekwisha.

Je, chura ana thamani ya umeme?

Katika mijadala ya wananchi swali limeulizwa mara nyingi: kwa nini maji na fedha vitumike kwa ajili ya chura, ilhali zipo kaya zinazohitaji umeme? Swali hilo ni la haki na linastahili jibu.

Jibu la kwanza ni kwamba Kihansi haikulazimisha uchaguzi wa kimoja na kukiacha kingine. Mitambo inazalisha umeme, na korongo linaachiwa sehemu ya maji. Gharama kubwa ilitokana na kuchelewa. Chura aligunduliwa wakati ujenzi umekwisha kuanza, na kila hatua iliyofuata ilikuwa ya kurekebisha. Hilo ndilo kusudi la tathmini ya athari kwa mazingira, ambayo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeiweka kuwa sharti kwa miradi ya aina hiyo. Kujua kilichopo kabla ya kujenga ni nafuu kuliko kukitafuta baada ya kukiharibu.

Jibu la pili ni kwamba chura hunywa na kupumua kupitia ngozi yake. Maji yakichafuka au yakipungua, yeye huumia kabla ya binadamu kuona dalili. Mto unaomfaa chura ndio mto unaojaza bwawa, unaomwagilia mpunga wa Kilombero na unaowafikia watumiaji wa chini.

Ndugu zake wapo Uluguru

Chura wa Kihansi si mpweke katika ukoo wake. Jamii nzima ya Nectophrynoides inapatikana Tanzania pekee, hasa katika Milima ya Tao la Mashariki, inayojumuisha Udzungwa, Uluguru, Ukaguru, Nguru na Usambara. Katika misitu ya Uluguru, juu ya mji wa Morogoro, wapo ndugu zake wanaozaa kama yeye. Mmoja wao, Nectophrynoides cryptus, anajulikana kutoka milima hiyo tu. Huko huko Uluguru yupo ndege aitwaye kitaalamu Malaconotus alius, ambaye makazi yake pekee duniani ni misitu hiyo. Na katika Milima ya Ukaguru, ndani ya Mkoa wa Morogoro, yupo chura ambaye wanasayansi walimpa jina la Kiswahili mwaka 2002: Churamiti maridadi.

Viumbe hao hawahitaji ndege ya kuwapeleka ng'ambo, ilimradi msitu wao ubaki. Msitu wa Hifadhi ya Mazingira Asilia Uluguru, wenye zaidi ya hekta 24,000, ulipandishwa hadhi mwaka 2008 na unasimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS). Vijito vinavyoanzia humo huingia katika Mto Ruvu, ambao ni chanzo kikuu cha maji kwa Dar es Salaam na Pwani. Moto unaowashwa kuandaa shamba mlimani, au mti unaokatwa kwa mkaa, hupunguza unyevu unaowatunza vyura na pia maji yanayofika kwenye bomba la mkazi wa jiji.

Mambo ya kuzingatia kwa mwananchi

Mwananchi anayependa kuona wanyama ana fursa nyingi za karibu. Hifadhi za Taifa za Mikumi na Udzungwa zinafikika kwa barabara kutoka Morogoro mjini, na njia ya kupanda Uluguru kupitia Morningside huanzia mjini penyewe. Jijini Mwanza, Kisiwa cha Saanane kilichoanzishwa kama bustani ya wanyama mwaka 1964 sasa ni Hifadhi ya Taifa, na wanafunzi wanaweza kukifikia kwa boti kwa muda mfupi.

Anayeingia katika misitu ya milimani anashauriwa kusafisha viatu na vifaa vyake kabla ya safari na baada ya safari, kwa kuwa kuvu wa vyura husafiri katika tope na maji. Vyura wasishikwe wala kuhamishwa kutoka kijito kimoja kwenda kingine. Aidha, kukamata, kufuga au kusafirisha wanyamapori bila kibali ni kosa kwa mujibu wa Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, na biashara ya kimataifa ya vyura wa jamii ya Nectophrynoides imewekewa masharti makali zaidi chini ya mkataba wa CITES. Anayekusudia kuanzisha bustani ya wanyama anapaswa kupata kwanza kibali cha mamlaka zinazosimamia wanyamapori.

Historia ya Kihansi imethibitisha kuwa bustani ya wanyama inaweza kumtunza kiumbe kwa muongo mzima mbali na kwao. Lakini hakuna bustani iliyoweza kutunza korongo, maporomoko na manyunyu yake. Vyura 100 waliporudi mwaka 2010, walirudi kwa sababu palikuwa bado na mahali pa kurudi. Kuhakikisha kuwa mahali hapo panabaki, Kihansi na Uluguru pia, ni jukumu la taasisi za Serikali na la kila mwananchi anayeishi kando ya mito hiyo au anayekunywa maji yake.