Mtafiti wa Televisheni na Historia ya Visiwa Vyetu

Wako watu ambao sura zao huonekana kila siku katika televisheni, na wako wengine ambao watazamaji hawawajui hata kwa jina. Hao ni watafiti wa vipindi, wanaopekua majalada, wanaowatafuta mashahidi na kuhakikisha kuwa tarehe inayotajwa ni tarehe ya kweli. Bibi Zeinab Badawi, mzaliwa wa Sudan, alianzia kazi yake huko nyuma ya pazia. Tunamzungumzia leo kwa kuwa kazi aliyoifanya baadaye inatuhusu sisi wakazi wa pwani ya Ziwa Victoria kuliko tunavyodhani.

Bibi Badawi alizaliwa mwaka 1959, akahamia Uingereza pamoja na wazazi wake angali mtoto mdogo. Ukoo wake ulikuwa umekwisha kujulikana kwa elimu. Mzee wa ukoo huo, Sheikh Babiker Badri, alipigana katika jeshi la Mahdi dhidi ya Waingereza, kisha mwaka 1907 akafungua shule ya wasichana katika mji wa Rufaa, kando ya Nile ya Bluu, ijapokuwa wakubwa wa kikoloni hapo awali walisitasita kumruhusu. Wanafunzi wa kwanza walikuwa binti zake mwenyewe na wa majirani. Kutokana na juhudi za ukoo huo kilizaliwa Chuo Kikuu cha wanawake cha Ahfad, mjini Omdurman.

Baada ya masomo ya Oxford, Bibi Badawi aliingia Yorkshire Television mwaka 1982 akiwa mtafiti na mwandishi wa habari. Alirudi darasani kusomea historia ya Mashariki ya Kati katika chuo cha SOAS, London, ambacho kilimchagua kuwa rais wake mwaka 2021. Katikati ya hayo alisoma habari katika Channel 4, na tangu 1998 akawa mtangazaji wa BBC. Lakini watangazaji hodari ni wengi. Lililotuvuta ni jingine.

Mwaka 1964 UNESCO ilianzisha kazi ya kuandika historia ya Afrika kwa mikono ya Waafrika wenyewe. Kazi hiyo ilitoa mabuku manane mazito. Mmoja wa wahariri wake alikuwa Profesa Bethwell Ogot, mtoto wa Nyanza, ng'ambo ya pili ya Ziwa letu hili. Pamoja na uzito wake, mabuku hayo yalikaa katika rafu za vyuo yakisomwa na wachache. Bibi Badawi aliyachukua yakawa msingi wa filimu zake ishirini, zilizoanza kuonyeshwa na BBC mwaka 2017. Alizunguka nchi zaidi ya thelathini. Alifika hata kwa Wahadzabe wa hapa Tanzania. Aliwapa nafasi ya kusema wanahistoria na wachimbuzi wa mambo ya kale walio Waafrika, pamoja na wenyeji wa mahali husika, badala ya kuwategemea mabingwa wa Ulaya kama ilivyokuwa desturi. Mwaka 2024 akatoa kitabu, An African History of Africa. Kwa bahati mbaya kimeandikwa kwa Kiingereza, na bei ya vitabu vya namna hiyo si ya mfuko wa mwalimu wa Nansio.

Hata hivyo, bara zima haliwezi kuenea katika filimu ishirini. Historia ya Ukerewe, Ukara, Kome na Maisome haitaandikwa London, wala hatuna haki ya kumdai Bibi Badawi aje kutuandikia.

Tunao ushahidi wa uchungu katika jambo hili. Mzee Aniceti Kitereza wa Ukerewe alimaliza mwaka 1945 kitabu chake kikubwa juu ya maisha ya Wakerewe wa kale, akikiandika kwa Kikerewe. Hakupata mchapishaji. Ilimbidi akitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na mswada ukapigwa chapa mwaka 1980, baada ya miaka thelathini na mitano. Mzee alifariki mwaka 1981 kabla nakala hazijamfikia mkononi. Wakati huo huo, kitabu cha kitaalamu juu ya Wakerewe na biashara ya masafa marefu kilikuwa kimetolewa na Mmarekani Gerald Hartwig mwaka 1976. Hatumlaumu Hartwig, alifanya kazi yake. Swali letu ni kwa nini mgeni apate mchapishaji upesi kuliko mwenyeji.

Na yako mengi yasiyoandikwa. Wakara walilisha ng'ombe zizini na kurutubisha mashamba kwa samadi kabla bwana shamba yeyote hajafika kuwafundisha. Nani alibuni utaratibu huo, na kwa shida gani? Utawala wa machifu ulipofutwa mwaka 1963, walikuwapo watu wazima walioyaona mabaraza ya watemi kwa macho yao. Waliobaki leo wana umri mkubwa sana. Wala kuandika peke yake hakutoshi: vita iliyoanza Sudan Aprili 2023 imesababisha Makumbusho ya Taifa ya Khartoum kuporwa, katika nchi hiyo hiyo ya Bibi Badawi.

Kwa hiyo tunawageukia viongozi wa Mkoa na Halmashauri za visiwani. Maafisa Utamaduni wapo na mishahara wanalipwa. Wapewe jukumu la kurekodi wazee, kijiji hata kijiji, kwa Kikerewe, Kijita, Kikara na Kiswahili, na nakala zihifadhiwe mahali pawili au patatu: wilayani, katika makumbusho ya Bujora, na Nyaraka za Taifa. Wasichana waliomaliza kidato cha sita wafundishwe kazi hiyo, kwani bibi wengi humweleza mjukuu wa kike mambo ambayo hawatamwambia afisa. Vituo vya televisheni navyo viwaajiri watafiti, si wasomaji wa habari peke yao.

Gharama yake? Simu nyingi za mkononi za siku hizi zinanasa sauti na picha. Toka Mwanza hadi Nansio ni saa tatu hivi kwa meli, na toka Bugolora kwenda Ukara ni mwendo mfupi wa kivuko. Tunangoja kuona katika makadirio ya mwaka ujao kama nauli hiyo imetengwa.