Kiti Kimoja cha Kaunta Huhitaji Askari Wangapi?

Katika mikutano ya hadhara ya vijiji, ombi la kujengewa kituo cha polisi hurudi kila mwaka. Wananchi huwa tayari kufyatua matofali, kusomba mchanga na kuchanga fedha ili kituo kiwe karibu, kwa maana wanaujua uzito wa kuvamiwa usiku huku askari wa karibu akiwa kilomita nyingi kutoka hapo. Swali ambalo huulizwa kwa nadra ni hili: jengo likishakamilika, nani atakayekaa ndani yake saa 9 usiku?

Wiki moja ina saa 168. Askari anayefanya kazi saa 8 kwa siku, siku 6 kwa wiki, hutoa saa 48. Kwa hiyo kiti kimoja cha kaunta, kisichopaswa kubaki wazi mchana wala usiku, huhitaji askari 3 na nusu, kabla hata ya yeyote kati yao kuugua au kwenda likizo. Kila askari akipata likizo ya wiki 4 kwa mwaka, idadi hiyo hukaribia 4. Na akiondolewa kituoni siku moja tu katika kila wiki kwa ajili ya kazi nyingine, hesabu huvuka 4 na nusu. Hicho ni kiti kimoja.

Kituo hakiendeshwi kwa kiti kimoja. Askari wa kaunta hupokea taarifa, huandika katika kitabu cha matukio na kutoa namba ya RB na fomu ya PF3. Hawezi kuinuka akafuata tukio iwapo kuna mahabusu ndani au silaha ghalani. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, inataka mwanamke apekuliwe na mwanamke mwenzake kwa kuzingatia staha; kwa hiyo zamu isiyo na askari wa kike huwa imepungukiwa hata kama idadi ya watu imetimia.

Tuseme kituo kina askari 12. Akisikia idadi hiyo, mkazi huona ni kubwa. Lakini wawili wakihitajika muda wote kwa kaunta na lindo, askari 9 kati ya 12 humezwa na viti hivyo viwili. Wanaobaki ni watatu, na kwao hutegemewa upelelezi, Dawati la Jinsia na Watoto, usindikizaji wa mahabusu na doria. Watatu hawatoshi kujaza hata kiti kimoja zaidi usiku na mchana. Ndiyo maana mkazi anayepiga simu saa 8 usiku anaweza kujibiwa kwamba hakuna wa kumtuma. Mara nyingi jibu hilo huchukuliwa kuwa uzembe. Wakati mwingine ni uzembe kweli, lakini mara nyingine ni hesabu tu.

Askari hao hao huitwa pia mahali pengine. Aliyepeleleza kesi hutakiwa mahakamani kutoa ushahidi, na shauri likiahirishwa hurudi tena siku nyingine. Mitihani ya Taifa ya darasa la saba na ya kidato cha nne hulindwa na polisi, kuanzia karatasi zinapohifadhiwa hadi zinapofanyiwa. Mwenge wa Uhuru unapopita wilayani, msafara huhitaji ulinzi barabarani na kwenye mkesha. Katika mwaka wa uchaguzi mkuu mzigo huo huongezeka maradufu.

Njia inayokuwa rahisi kwa mkuu wa kituo ni kurefusha zamu. Makundi 4 yakipokezana, kila askari hufanya wastani wa saa 42 kwa wiki. Yakibaki makundi 3, wastani hupanda hadi saa 56. Yakiwa 2 yanayopokezana kila baada ya saa 12, askari hufanya saa 84. Kwenye ubao wa zamu kila nafasi ina jina, na mkaguzi akipita ataona kituo kimejaa. Gharama yake haionekani ubaoni. Mwaka 1997 watafiti Dawson na Reid walieleza katika jarida la Nature kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo hupungukiwa na wepesi wa akili na mikono kwa kiwango kinacholingana na cha mtu mwenye kilevi cha asilimia 0.05 katika damu. Mtu wa namna hiyo ndiye anayekabidhiwa bunduki, na ndiye anayeandika maelezo ambayo mahakama itayapima miezi mingi baadaye.

Hata hivyo, uhaba wa askari haulegezi sheria. Aliyekamatwa bila hati kwa kosa lisilo na adhabu ya kifo, na ambaye hawezi kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24, anastahili kufikiriwa dhamana, na dhamana ya polisi haitozwi fedha. Ndugu anayeambiwa asubiri mpaka askari wa zamu fulani arudi ana haki ya kumwomba mkuu wa kituo aangalie saa.

Uwiano wa askari mmoja kwa watu 450, unaotajwa sana katika mijadala, hausaidii kueleza hali hii, kwa kuwa huhesabu walioajiriwa, si walioko zamu. Nayo idadi ya wa kuhudumiwa haikusimama: Sensa ya 2012 ilihesabu watu 44,928,923 nchini, na ile ya 2022 ikahesabu 61,741,120.

Halmashauri haiajiri polisi. Jeshi la Polisi liko chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, na upangaji wa askari ndani ya wilaya uko kwa Mkuu wa Polisi wa Wilaya. Mkaguzi wa Polisi wa Kata naye ni mtu mmoja; huweza kuwajua watu na migogoro yao, lakini hulala kama wengine. Vikundi vya ulinzi shirikishi huziba sehemu ya pengo la usiku, kwa sharti kwamba anayekamatwa akabidhiwe polisi bila kucheleweshwa. Ulinzi unaogeuka kuwa viboko huzaa kesi nyingine, na kesi hiyo itahitaji askari wa kuipeleleza.

Hapa ndipo suala la jengo jipya linaporudi. Kituo kinachofunguliwa usiku na mchana bila kuongezewa askari huchukua watu 4 au 5 kutoka kituo cha jirani, na kwa kawaida huwachukua wale waliokuwa wakifanya doria. Kata inaweza kupata kaunta ikapoteza gari lililokuwa likipita barabarani saa 7 usiku. Kwa kata nyingi zenye askari wachache, kituo kinachofanya kazi mchana, pamoja na nyumba mbili au tatu za askari jirani nacho, kina faida kubwa kuliko kaunta yenye taa usiku kucha. Askari anayeishi kijijini huitwa akafika. Anayepanga mjini husubiri usafiri.

Kabla ya mchango wa kwanza kukusanywa, kamati ya ulinzi na usalama ya kijiji inaweza kumwandikia Mkuu wa Polisi wa Wilaya, kupitia ofisi ya Mtendaji wa Kata, ikiuliza mambo matatu: askari wangapi watapangwa, watatoka kituo gani, na watalala wapi. Wakati huohuo, aliyepotelewa na kitambulisho au cheti anaweza kutoa taarifa kwa mfumo wa Jeshi la Polisi wa intaneti bila kupanga foleni kaunta, na mwenye dharura apige 112.