BATI LIKITOKA JASHO, MAHINDI HUOZA

Ndugu msomaji, pengine nawe umeyaona haya. Usiku hakukunyesha. Anga ilikuwa nyeupe na nyota zilionekana. Asubuhi unafungua ghala lako la bati, unakuta magunia ya juu yamelowa. Ukitazama juu, matone yananing'inia kila mahali chini ya bati. Unapanda kutafuta tundu, hulioni. Wengine hununua lami wakaziba kila msumari. Kesho yake matone yapo palepale.

Paa hilo halivuji. Linatoka jasho.

Jambo hili linawahusu hasa ndugu zetu wa sehemu za baridi, kama Njombe, Makete na Mufindi. Huko baridi kali huja kuanzia Juni hadi Agosti. Na ndiyo miezi ambayo mahindi yanaingia ghalani.

MAJI YANATOKA WAPI?

Chemsha maji katika sufuria iliyofunikwa. Kisha funua. Chini ya kifuniko utaona matone. Maji yamepanda kama mvuke, yakagusa kifuniko chenye ubaridi zaidi, yakarudi kuwa maji.

Ghala nalo ni hivyo hivyo. Hewa ya ndani ina mvuke, ingawa hatuuoni. Hewa yenye joto hubeba mvuke mwingi. Ikipoa, haiwezi kuubeba wote. Usiku usio na mawingu bati hupoteza joto lake upesi sana, likawa baridi kuliko hewa yenyewe. Mvuke ukiligusa hugeuka maji. Paa la nyasi halina taabu hii, maana nyasi ni nene na upande wa ndani haupoi upesi.

Mvuke mwingi hutoka kwenye sakafu ya udongo na kwenye mahindi yenyewe yasipokauka vizuri. Tupige hesabu. Gunia la kilo 100 lenye unyevu wa asilimia 18, likikauka hadi asilimia 13, hutoa maji zaidi ya lita 5. Magunia 20 hutoa zaidi ya lita 100. Hiyo ni nusu pipa ya maji ndani ya ghala lako!

HASARA YAKE

Mahindi yakilowa huota ukungu. Aina fulani za ukungu hutoa sumu iitwayo sumukuvu. Sumu hii haionekani kwa macho, wala haiishi kwa kupika. Mwaka 2004, huko mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Kati yao 125 walikufa. Mwaka 2016 watu walikufa kwa sumu hiyo hiyo katika mikoa ya Dodoma na Manyara, hapa kwetu Tanzania. Basi, hili si jambo la kupuuza.

Hata banda la pikipiki au trekta lina hasara yake. Matone yakidondokea chuma kila siku, kutu huingia.

KWANZA PIMA

Je, paa linavuja au linatoka jasho? Likivuja, maji huja wakati wa mvua, mahali pamoja. Likitoka jasho, maji huja alfajiri, paa zima.

Je, sakafu ina maji? Tandika kipande cha nailoni sakafuni, kandamiza kingo zake kwa mawe, ukiache hadi kesho. Upande wa chini ukilowa, maji yanapanda kutoka ardhini.

Je, mahindi yamekauka? Chukua chupa kavu yenye kifuniko. Tia mahindi kidogo na chumvi kavu, tikisa vizuri, kisha yaache yatulie. Chumvi ikiganda kwenye chupa, mahindi bado mabichi. Yaanike tena.

MAMBO YA KUFANYA

1. Anika mahindi juu ya turubai hadi yakauke kabisa, ndipo uyatie ghalani.

2. Chimba mfereji kuzunguka ghala ili maji ya mvua yasiingie chini ya sakafu. Ukijenga sakafu ya saruji, tandika nailoni nzito kwanza, kisha mwaga zege juu yake.

3. Acha matundu ya hewa katika kuta mbili zinazotazamana, karibu na paa. Hewa yenye mvuke itatoka. Weka wavu wa chuma kuzuia panya na ndege.

4. Weka dari ya mbao au ya matete. Acha nafasi kati ya dari na bati, hewa ipite. Hewa ya ghalani haitaligusa bati baridi moja kwa moja, na tone likianguka litaishia darini.

5. Panga magunia juu ya chaga za miti, mbali na sakafu. Yasiguse ukuta.

6. Kama unajenga upya, paa liwe na mwinuko wa kutosha. Matone yatateleza chini ya bati hadi ukingoni, badala ya kudondoka katikati.

Kama huna fedha za dari mwaka huu, tundika turubai juu ya magunia, liinamie upande mmoja. Lisiguse magunia.

USIFANYE HAYA

Usifunike magunia kwa nailoni na kuyabana. Mvuke utashindwa kutoka, nayo yataloa kwa ndani.

Usiwashe jiko la mkaa ndani ya ghala lililofungwa. Hewa ya mkaa huua mtu bila yeye kujua.

Mahindi yenye ukungu usile, usipikie pombe, wala usiwape mifugo. Sumu hupita kwa ng'ombe ikaingia kwenye maziwa.

Kati ya haya yote, la kwanza ndilo kubwa, nalo ni la bei rahisi: jua na turubai. Mahindi makavu hayana maji mengi ya kulipa bati.

MASWALI YA KUJADILI

1. Utajuaje kama paa linavuja au linatoka jasho?
2. Kwa nini dari husaidia?
3. Ghala lako lina matundu ya hewa? Yako upande gani?