Fahamu: Usalama wa dawa ya mitishamba hupimwaje kwa panya?

Mwarobaini umetumiwa kwa vizazi vingi Afrika Mashariki, lakini matumizi ya muda mrefu hayathibitishi usalama, kwani mafuta ya mbegu zake yamewahi kuwadhuru vibaya watoto wachanga walionyweshwa. Kwa hiyo kiini cha mmea, yaani kile kinachobaki baada ya majani kulowekwa katika maji au alkoholi, kuchujwa na kukaushwa, hujaribiwa kwanza kwa wanyama wa maabara.

Katika utaratibu mmoja wa shirika la OECD, panya watatu, kwa kawaida majike, hukaa usiku kucha bila chakula, kisha kila mmoja hupewa kwa mrija dozi moja, ambayo huwa miligramu 5, 50, 300 au 2,000 kwa kila kilo ya uzito wake. Hutazamwa kwa makini katika saa 4 za mwanzo, iwapo wanatetemeka, wanahara au manyoya yamesimama, na baadaye kila siku kwa siku 14.

Kupona kwao, jambo ambalo wauzaji hupenda kulitangaza, huthibitisha machache, kwa sababu madhara ya ini na figo huhitaji majaribio ya dozi za kila siku kwa siku 28 au 90. Mnunuzi na aulize ni majaribio yapi yaliyofanywa.