Mashariki ya Kongo: shirika linaondoka, sanduku la AVEC linabaki

Mwezi wa Januari 2025, mambo mawili yalifuatana haraka katika Kivu ya Kaskazini. Tarehe 20, rais wa Marekani Donald Trump alisimamisha misaada ya nje ya nchi yake. Wiki moja baadaye, waasi wa M23 waliingia Goma. Benki zilifunga milango, na miradi mingi ya mashirika yasiyo ya kiserikali ikasimama kwa kukosa pesa. Februari ikawa zamu ya Bukavu. Julai 1, USAID, iliyokuwa kati ya wafadhili wakubwa zaidi nchini, ilifungwa rasmi.

Kwa wakaaji waliozoea kuona magari ya mashirika yakija na kuondoka, swali limebaki moja: ni kazi gani ya maendeleo inayoweza kuendelea wakati aliyeileta hayupo tena?

Jibu moja linapatikana katika mitaa na vijiji vingi vya Kivu. Ni AVEC, yaani chama cha akiba na mkopo cha kijiji. Hakina jengo wala mshahara wa kulipa. Kina sanduku la chuma, makufuli matatu, vitabu vidogo vya wanachama na siku moja ya mkutano kila wiki.

Kutoka Niger hadi Kivu

Njia hii ilianzishwa na shirika la CARE mwaka 1991 katika eneo la Maradi, nchini Niger, pamoja na wanawake wa vijijini. Kazi ya shirika ilikuwa kufundisha tu: halikuweka pesa ndani ya sanduku. Baada ya mwaka mmoja hivi, kikundi kilitakiwa kujiongoza chenyewe. Leo njia hiyo ina mamilioni ya wanachama katika nchi nyingi za Afrika, na mashirika mengi yanaitumia Kongo.

Huku kwetu ilikuta ardhi iliyo tayari. Likelemba, mchango wa zamu ambapo kila mmoja anapokea siku yake, inajulikana tangu zamani. Lakini katika likelemba, mtoto akiugua kabla ya zamu ya mama yake, mama huyo anabaki kungoja au kwenda kwa « Banque Lambert », jina ambalo watu wamempa mkopeshaji binafsi mwenye riba kali. AVEC inajaribu kuziba pengo hilo.

Hesabu ya sanduku

Kikundi kina watu 15 hadi 30 wanaojuana na kuchaguana. Kila mkutano, mwanachama ananunua hisa 1 hadi 5, na kila hisa inapigwa muhuri katika kitabu chake, hata kama hajui kusoma. Funguo tatu zinashikwa na watu watatu tofauti, ambao si viongozi wa kikundi. Sanduku linafunguliwa mbele ya wote, na pesa zinahesabiwa kwa sauti.

Mfano ni huu. Wanachama 25 wameweka hisa kwa franga 1.000, na kila mmoja ananunua hisa 3 kwa wiki. Kwa wiki 52, kikundi kimeuza hisa 3.900, sawa na franga 3.900.000. Wakati huo pesa hazikulala: zilikopeshwa kwa biashara ya unga wa muhogo, makala, samaki au mbegu. Mwanachama anaweza kukopa hadi mara tatu ya akiba yake. Ikiwa riba imeleta franga 780.000, jumla ni 4.680.000, na kila hisa sasa ina thamani ya franga 1.200. Riba ambayo ingemtajirisha mkopeshaji imerudi kwa wakopaji wenyewe.

Kando ya hisa kuna mfuko wa mshikamano. Huo unasaidia wakati wa ugonjwa, kifo au uzazi, bila riba.

Mwanamke na pesa yake

Wanachama wengi ni akina mama, na hilo lina sababu. Kwa miaka mingi, Sheria ya familia ya mwaka 1987 ilimtaka mwanamke aliyeolewa kupata ruhusa ya mume kabla ya kufanya mambo mengi ya kisheria. Sharti hilo liliondolewa na sheria ya Julai 15, 2016. Lakini karatasi haibadilishi nyumba kwa siku moja. Mama mwenye kitabu chenye mihuri, anayelipa karo ya watoto kutoka katika mgao wa mwisho wa mwaka, anasikilizwa kwa namna nyingine anapozungumza nyumbani. Pia, kwa mara ya kwanza, wengine wanajifunza kuongoza mkutano na kudai hesabu.

Pale sanduku linaposhindwa

Hata hivyo, sanduku halizuii risasi. Pesa taslimu zinavuta wezi, na katika eneo la vita kila kikundi kinajua hatari hiyo. Ndiyo maana vingi vinakopesha karibu pesa zote siku ileile ya mkutano, ili sanduku lirudi nyumbani likiwa jepesi. Vingine vinaweka akiba kwa simu.

Kukimbia ni pigo kubwa zaidi. Februari 2025, wahamaji wa vita waliokuwa katika kambi za kandokando ya Goma, kama Bulengo na Lushagala, walilazimika kuondoka kwa siku chache. Wanachama wanaposambaa njia tofauti, mwenye deni yuko upande mmoja na mwenye akiba upande mwingine. Chama kinachosimama juu ya kujuana kinavunjika pale majirani wanapotenganishwa.

Kuna mpaka mwingine. Asiye na franga 1.000 kwa wiki anabaki nje, na huyo ndiye maskini kuliko wote. Benki ya Dunia ilikadiria kwamba mwaka 2024 zaidi ya Wakongo 7 kati ya 10 waliishi chini ya dola 2,15 kwa siku. AVEC haijengi barabara ya kufikisha mazao sokoni, wala hairudishi mkulima kwenye shamba lililo mikononi mwa wenye silaha. Kazi hiyo ni ya serikali na ya amani.

Kwa anayetaka kujiunga, kanuni chache zinamlinda: sanduku lenye ufunguo mmoja, kitabu kisichopigwa muhuri mbele ya wote, au mgeni anayeahidi kuzidisha pesa haraka, hiyo si AVEC. Hapo afadhali kurudi nyumbani na franga zake.