Namba za Kusoma Kabla ya Kuchomeka Kifaa cha Umeme

Kila kifaa cha umeme cha nyumbani huwa na kibandiko kidogo, aghalabu chini au nyuma yake, chenye namba zinazofuatwa na herufi V, A au W. Wanunuzi wengi huzipita namba hizo bila kuzisoma. Hata hivyo, namba hizo pamoja na hesabu ya kuzidisha na kugawanya zinatosha kumwonyesha mwenye nyumba iwapo soketi yake inaelemewa, kabla plastiki haijaanza kunuka.

Herufi V ni volti, yaani kani inayousukuma umeme katika waya. Umeme wa majumbani nchini Tanzania ni wa volti 230. Herufi A ni ampea, yaani wingi wa mkondo unaopita. Herufi W ni wati, yaani nguvu ambayo kifaa hutumia. Lipo pia jambo la nne ambalo kwa kawaida haliandikwi kwenye kibandiko, nalo ni ukinzani: ugumu ambao umeme hukutana nao njiani. Ukinzani hupimwa kwa omu, kipimo kilichopewa jina la Georg Simon Ohm, Mjerumani aliyechapisha kanuni yake mwaka 1827.

Kanuni zenyewe ni mbili tu:

Ukinzani = volti ÷ ampea
Nguvu = volti × ampea

Tuchukue mfano wa birika la umeme la wati 2,000. Ukigawanya 2,000 kwa 230 unapata takriban ampea 8.7. Huo ndio mkondo ambao birika huvuta. Ukigawanya volti 230 kwa ampea 8.7 unapata takriban omu 26, ambao ndio ukinzani wa koili inayochemsha maji.

Soketi za kawaida za matundu matatu bapa hubeba ampea zisizozidi 13. Zidisha 13 kwa 230, jibu ni wati 2,990. Hicho ndicho kikomo. Birika la wati 2,000 na pasi ya wati 1,000 vikitumia ekstensheni moja kwa wakati mmoja, kikomo hicho kimekwisha kupitwa kidogo. Likiongezwa jiko la umeme la wati 1,500, jumla ni wati 4,500, sawa na takriban ampea 19.6. Kuwapo kwa matundu manne au sita kwenye ekstensheni hakuongezi uwezo wa waya wake. Aidha, baadhi ya ekstensheni ni za ampea 10 tu, hivyo kikomo chake ni wati 2,300.

Kazi ya fyuzi iliyomo ndani ya plagi ni kukatika mkondo unapozidi. Anayeitoa fyuzi iliyokatika na kuweka kipande cha waya mahali pake huwa ameondoa mlinzi. Umeme utaendelea kupita, na kitakachoyeyuka safari hii ni waya wenyewe.

Hatari nyingine hutokea hata pale mkondo usipozidi. Soketi iliyolegea au kuingia kutu huwa na ukinzani wake. Tuseme mahali hapo panapotea volti 4 wakati mkondo ni ampea 8. Ukinzani ni 4 ÷ 8, yaani omu 0.5, kiasi kinachoonekana kidogo mno. Lakini nguvu inayopotea hapo ni 4 × 8, yaani wati 32, na yote hugeuka joto ndani ya kipande kidogo cha plastiki. Mkondo ukiongezeka mara mbili, joto hilo huongezeka mara nne. Ndiyo maana soketi yenye joto mkononi, yenye weusi pembeni au inayotoa mlio wa cheche haifai kuendelea kutumika hata siku moja.

Hesabu hizi hutoa majibu ya karibu sana kwa vifaa vya kupasha joto. Friji na pampu za maji huvuta mkondo mkubwa zaidi kwa muda mfupi zinapowaka, kwa hiyo zinastahili soketi zake zenyewe.

Wakazi wanashauriwa kujumlisha wati za vifaa vyote vya ekstensheni moja, kuifungua yote iliyoviringishwa kabla ya kuitumia, na kutopima volti ndani ya soketi wao wenyewe. Upimaji na ukarabati ni kazi ya fundi mwenye leseni ya EWURA, na mwenye nyumba ana haki ya kuomba kuiona leseni hiyo. Moto wa umeme ukitokea, zima swichi kuu ikiwa inafikika kwa usalama, usimwage maji, toa watu nje, kisha piga 114, namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.